Malalamiko Kuhusu Inchi Moja ya Gesi

Masama,
Wilaya ya Hai.
Novemba, mvua za vuli zimeanza.

Kwa Bwana Elifuraha Ndelilio,
Mwenye Hita,
Kanada.

YAH: UPUNGUFU WA INCHI MOJA YA PRESHA KATIKA HITA ULIYOTULETEA

Ndugu Mwenye Hita,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nimeona nitangulie kuitikia ili tusipoteze muda, maana hii ni barua ya kikazi. Sisi huku hatujambo, ng'ombe hawajambo, na migomba ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tunaiwekea nguzo.

Naomba ieleweke kwamba nakuandikia kama mlalamikaji, si kama baba yako. Baba yako angepiga simu, na simu zake umeshazizoea. Unasema, "Nimekusikia mzee, nitaliangalia," kisha baada ya muda unafika mzigo. Mlalamikaji hataki mzigo. Hoja zake ni hizi zifuatazo.

1. Kuhusu sababu ya hita kuwapo. Mwezi wa saba nilikueleza kwamba nyumba uliyotujengea ina baridi. Nyumba ni nzuri, sina neno nayo. Bati lake linaonekana tangu barabarani na wageni wakifika wanavua viatu bila kuambiwa. Lakini ina vyumba vingi kuliko watu, na chumba kisicholaliwa kina baridi yake ambayo blanketi haliiwezi. Nilidhani umenielewa. Ukatuma hita. Kabla ya hapo nilisema nyumba iko kimya mno, ukatuma redio yenye spika mbili. Mama yako alisema anachoka kupika chakula kisicho na walaji, ukatuma jokofu la kuhifadhia kinachobaki. Sisemi kwamba huna moyo, Elifuraha. Nasema moyo wako unasafiri kwa meli na wewe hupandi.

2. Kuhusu gesi. Maelezo yaliyokuja na hita yanasema inatumia gesi, na gesi tunayo. Unaukumbuka mtambo wetu wa biogesi kando ya banda, ule ambao kinyesi cha ng'ombe kinaingia shimoni na juu yake linaelea pipa la chuma, pana kama kitanda cha sita kwa sita. Gesi ikijaa pipa linapanda, ikitumika linashuka, na uzito wa pipa ndio unaoisukuma gesi kwenye bomba hadi jikoni. Mama yako anapikia gesi hiyo tangu wewe ukiwa sekondari. Kwa hiyo nilivuta bomba mpaka kwenye hita yako. Mtu mwenye ng'ombe bandani kwenda kununua gesi dukani ni sawa na mtu wa Masama kwenda sokoni kununua ndizi, na mimi bado nina heshima yangu hapa kijijini.

3. Kuhusu kipimo. Hita ilikataa kuwaka. Nikamwita Sirili, fundi wa gesi kutoka Himo, akaja na ubao uliopigiliwa mpira mwangavu uliopinda kama herufi U, ndani yake maji aliyoyatia soda nyekundu ili yaonekane. Ncha moja ya mpira aliichomeka kwenye bomba, nyingine akaiacha wazi. Gesi inasukuma maji, upande mmoja yanashuka na upande wa pili yanapanda, na tofauti ya pande mbili ndiyo presha. Kibao kilicho nyuma ya hita yako kinadai inchi kumi na moja za maji. Sisi tulikuwa na inchi nne. Sirili akasema tuongeze uzito juu ya pipa, akaniachia ubao wake, akarudi Himo kwenye kazi nyingine.

Niliongeza uzito uliokuwa karibu, yaani mimi. Nilipanda nikakaa ukingoni, mama yako akachungulia kwenye mpira, akasoma inchi tano. Nimeishi miaka yangu yote nikijipima kwa magunia ya kahawa na kwa watoto niliosomesha, nisijue kwamba kumbe kwa hesabu za kitaalamu mimi ni inchi moja.

4. Kuhusu kikao. Hesabu ilikuwa rahisi: tukihitaji inchi saba, tunahitaji watu wazima saba. Basi kila Jumapili baada ya ibada tunapanda juu ya pipa. Baba yako mkubwa Julius anakuja na fimbo yake. Kaka zako wawili wanakuja, wanalalamika, lakini wanakaa. Dada yako Gladness anapanda na mume wake kutoka Himo, na huyu mkwe wetu ni mwembamba, tunamhesabu robo tatu. Baba Mkubwa anafidia robo iliyobaki na hataki lisemwe. Mimi ni wa sita. Mama yako hapandi, yeye ndiye msomaji wa kipimo kwa kuwa macho yake hayajachoka.

Unajua mwenyewe kwamba ukoo wetu haukai ovyo. Baba Mkubwa alikataa kupanda mpaka nafasi zipangwe kama zinavyopangwa mbuzi wa ukoo anapogawanywa. Yeye akakaa upande wa mlimani, mimi pembeni yake, kaka zako wakafuata kwa kuzaliwa, Gladness na mumewe upande wa wageni. Ilikuwa inapendeza. Gesi inapotumika pipa linazama polepole, hivyo wazee wanaoanza kikao wakiwa usawa wa mikungu ya ndizi wanakimaliza wakitazamana na kwato za ng'ombe. Humo humo tumeshazungumza mahari, tumesuluhisha ugomvi wa mfereji wa maji na kumchagua mweka hazina wa ukoo. Mama yako anasoma: kumi. Hita inatoa mwali wa buluu, inakohoa, inazima.

5. Kuhusu nafasi iliyo wazi. Hapa ndipo lilipo lalamiko lenyewe, naomba usome ukiwa umekaa.

Upande wa chini wa pipa, unaotazama mlango wa nyumba, ni nafasi ya mtoto wa mwisho. Sikuipanga mimi. Kwa desturi yetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, shamba hili walimozikwa babu zako, na ndiye anayekaa karibu na mlango. Mtoto wa mwisho ni wewe. Kwa kuwa haupo, pipa limelala upande wa wazee na ukingo wa upande wako unanyanyuka, gesi inatorokea hapo ikitoa mapovu na harufu ambayo watu waliotoka ibadani na suti zao hawastahili.

Usiniambie tuweke mtu mwingine. Jirani yetu Martin, yule tunayepakana naye kwa chini, alipita Jumapili moja kutusalimia. Martin ni mtu mwema na mzito. Alipoona kuna nafasi alikaa bila kuambiwa, pipa likasawazika, mama yako akapaza sauti, "Kumi na moja na robo!" na hita ikawaka kwa mara ya kwanza tangu ivuke bahari. Tulipiga makofi. Kisha Baba Mkubwa akauliza, kwa upole kabisa, ni nani amemkalisha Martin mahali pa mtoto wa mwisho mbele ya ukoo wote. Makofi yakaisha. Unafahamu namna mpaka wetu na Martin ulivyo. Masale yaliyopandwa pale kuonyesha mwisho wa shamba kila mvua zikipita yanaonekana kama yamesogea kidogo. Mtu akikaa hapo leo mbele ya mashahidi, kesho atasema alikalishwa. Martin alisimama, hita ikazima. Tangu siku hiyo anakuja kila Jumapili, anasimama kando ya pipa, mikono nyuma, akisubiri kama mchezaji wa akiba.

Usiniambie pia tuweke jiwe. Tuliweka. Kaka zako walilivingirisha jiwe kutoka mtoni, zuri, lenye uzito wako kabisa wa zamani. Mama yako aliweka ubao wa kipimo chini, akaja, akalisukuma jiwe lile kwa mikono yake mpaka likaanguka kwenye majani ya ng'ombe. Akasema, "Mimi sikuzaa jiwe." Siku hiyo hatukupima tena, tukaingia ndani tukala machalari ya ndizi na nyama yakiwa yamepoa.

Inaniuma, Elifuraha. Kila Jumapili anasoma "kumi", na sauti anayoisomea imekuwa ndogo kuliko kazi yenyewe inavyohitaji.

6. Kuhusu dhamana. Nimeisoma karatasi ya dhamana, Gladness akinisaidia pale palipokuwa na maneno magumu. Imeandikwa kwamba hita ikionekana kupungukiwa na sehemu yake yoyote, mnunuzi atoe taarifa na sehemu hiyo italetwa bila malipo. Nimefanya uchunguzi wa kina. Sehemu inayopungua ni wewe. Nimeshaandaa rasimu ya barua kwa kiwanda kuwataka wakufungashe vizuri na kukusafirisha hadi uwanja wa ndege wa hapa kwetu, na kama watasema kwamba wewe si kipuri chao, nitawaomba wathibitishe kwa maandishi wewe ni wa nani.

Kutokana na hoja hizo, mlalamikaji anaomba yafuatayo.

Kwanza, ufike kabla ya Krismasi, wakati watu wote wa mlima huu wanarudi kwao na barabara ya kupanda huku kwetu inajaa magari ya namba za kila mahali. Kila mwaka nayahesabu yanavyopanda, kisha naacha kuhesabu, naingia ndani.

Pili, ufike na uzito wako. Kwenye picha uliyotuma umevaa nguo za kukimbia na shingo imekuwa nyembamba. Sijui huko unamkimbia nani. Ukishuka na nusu inchi hatutakurudisha, mama yako atakumalizia kwa mtori na maziwa ya asubuhi, lakini itatuchelewesha kupima.

Tatu, kama huwezi kabisa, basi andika kwa mkono wako kwamba nafasi ile umeiachia. Kikao cha ukoo ni Desemba baada ya kula ndafu, yule mbuzi anayechomwa mzima, na lazima tuwe na jibu, kwa sababu watu wazima hawawezi kukaa milele juu ya chombo kilichopinda. Karatasi hiyo nitaisoma mimi mbele yao, ndiyo desturi. Nimejaribu kuisoma peke yangu bandani, nione itakavyosikika, nikashindwa kufika mwisho hata kabla hujaiandika.

Nakutaka usilichukulie hili kama shinikizo la wazazi. Ni suala la kiufundi.

Wasalimie wote walio karibu nawe huko: bosi wako, ambaye naamini naye ana wazazi, majirani zako, ambao unasema hujui majina yao, na yule binti uliyesimama naye kwenye picha, ambaye hukumtaja na sisi hatukuuliza, ila mama yako amemkadiria inchi moja kasoro na ameridhika. Huku anakusalimu Baba Mkubwa, kaka zako, dada yako na mume wake, Mchungaji, wanakwaya wa sauti ya pili ambao bado hawajapata wa kuziba pengo lako, na ng'ombe, ambao nao wana haki yao katika jambo hili. Martin pia anakusalimu, anauliza kama unakuja.

Mimi niliyebaki na inchi kumi,

Ndelilio
Mlalamikaji

N.B. Haki inanilazimu kuongeza kwamba fundi Sirili alirudi wiki iliyopita kuchukua ubao wake. Alitukuta juu ya pipa, akacheka mpaka akashika mgomba. Amechomoa bomba la biogesi, ameunga hita kwenye mtungi mdogo wa gesi wa kununua, amekaza skrubu ya regulata kidogo kidogo huku mama yako akisoma, na maji yametulia kwenye inchi kumi na moja bila mtu yeyote kukaa popote. Hita inawaka hata sasa ninapoandika. Nimevua koti. Mama yako ameifungulia mlango wa chumba chako ili joto liingie na huko.

Jumapili iliyofuata walikuja wote wakapanda juu ya pipa kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama yako ameisoma barua hii. Anasema nimemaliza karatasi bure. Kwa upande wa gesi, basi, hakuna tena sababu ya wewe kuja. Njoo hivyo hivyo.