Nilivyolitetea Somo la Mantiki Nikiwa Kitandani

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kuna jambo nimelificha tangu nistaafu. Nimewaambia watu wote, ndugu, majirani, hata wanaokuja kunipa pole, kwamba sijali tena vijana wa chuo wanasoma nini. Yamepita hayo, nasema, na mkono naupunga kama mfalme anayefukuza nzi. Uongo mtupu! Najali. Najali kuliko moyo wangu unavyojali kazi yake, maana daktari amesema umechoka na nijiandae. Hakusema lini. Watu wa tiba hawamalizii hoja.

Basi, nikiwa najiandaa, niandike kweli.

Somo la Mantiki nililianzisha mimi. Wakati huo chuo kina bomba moja la maji na ukumbi usio na dari. Popo wakidondosha vyao juu ya madaftari, mimi naendelea kufundisha. Nimelifundisha mpaka mgongo umepinda. Mahakimu wawili wamepita mikononi mwangu. Na daktari bingwa mmoja. Na tapeli mmoja mashuhuri, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa na hoja safi kuliko wote.

Leo amekuja mhadhiri anayelifundisha sasa. Nilimnoa mwenyewe. Namwita Kwahiyo, kwa sababu hawezi kufungua kinywa bila neno hilo. Kaleta machungwa, kasimama mlangoni kama aliyebeba tanzia. Kwa hiyo, Mwalimu, mkuu wa kitivo ameamua: somo la hiari litakalokosa wanafunzi kumi na tano hadi Ijumaa alasiri halitafundishwa muhula ujao. Na kwa hiyo, likishatoka halirudi. Mantiki ina kumi na watatu.

Wanapungua wawili tu! Na katika chumba cha pili humu humu ndani analala mjukuu wangu, binti wa mwaka wa pili, kitivo cha insia, ambaye wiki hii anachagua masomo. Fasihi keshachukua. Isimu keshachukua. La tatu hajaniambia. Na ana marafiki, na marafiki humfuata kila aendako.

Ningeweza kumwambia tu: mjukuu wangu, chukua Mantiki. Lakini chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilitembeze somo langu mlango kwa mlango kama sufuria? Haiwezekani. Nina mpango. Hoja ya kwanza: kijana akikatazwa kitu, hukikimbilia. Hoja ya pili: mjukuu wangu ni kijana. Hitimisho linajiandika lenyewe.

Moyo umechoka, kichwa hakijachoka hata kidogo.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Mpango umetekelezwa. Kwa ustadi, lazima nikiri.

Mjukuu kaniletea uji, kaniamkia, kaketi na bakuli lake. Nikakohoa kidogo. Nikamwambia asithubutu kuligusa somo la Mantiki. Gumu. Si la watoto wa siku hizi, wanaoona ukurasa mzima wakadhani wameadhibiwa. Akauliza kama nasema kweli au ni utani wangu. Nikasema kweli tupu. Akauliza, je, hata kama mtu analipenda? Hasa akilipenda, nikasema! Kupenda ni kimoja na kuweza ni kingine. Mimi napenda kuimba, na marehemu bibi yako alikuwa akihama chumba.

Hakucheka. Akainamisha macho. Akasema sawa, Babu. Akatoka, uji wake umebaki nusu.

Ile “sawa”! Nimefundisha vijana miaka na mikaka, nautambua ukaidi unapotokota chini kwa chini. Kufikia jioni atakuwa amejiandikisha, na wenzake nyuma yake.

Muuguzi anayekuja kunipima asubuhi akasema presha imepanda. Nikamweleza kwamba hiyo ni presha ya ushindi. Akasema mashine yake haina ushindi, ina juu na chini tu, na nilale. Mwanamke mwema. Hakusoma mantiki.

Kupitia dirishani nimemwona jirani yangu, Bwana Tarehe, akimwagilia maua, suruali imefungwa karibu na kwapa. Anafundisha Historia. Tunalingana umri, yeye bado anafundisha, kakataa kustaafu kama mtoto anayekataa kuoga. Darasa lake hujaa kila mwaka. Sababu naijua: aliwahi kunipora kipindi cha Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakiwa macho, akaniachia kile cha baada ya chakula cha mchana. Nimefundisha watu waliolala maisha yangu yote. Na bado wamekuwa mahakimu! Ndiyo maana.

Kanipungia mkono. Sikumwona.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Hujuma!

Kwahiyo kapiga simu, pumzi zinamwishia. Mantiki imeshuka hadi wanane. Kwa hiyo, Mwalimu, kuna uvumi chuoni. Inasemekana mwanzilishi wa somo mwenyewe anawashauri wanafunzi walikimbie.

Mimi! Nikamuuliza ni mnafiki gani amezusha jambo kama hilo. Akasema hajui, ila linasemwa kwa heshima kubwa. Kwa heshima! Hapo ndipo nikajua ni kazi ya mtu mzima. Vijana hawatukani kwa heshima. Na mtu mzima mwenye sababu ni mmoja tu, yule wa suruali ya kwapani.

Sikupoteza muda kukasirika. Nimebuni mpango wa pili, mzuri kuliko wa kwanza. Hakuna kitu kinachoua somo machoni pa vijana kama sifa za mzee. Nitaisifu Historia mpaka ioze!

Alasiri mjukuu karudi na marafiki zake watatu, wakatandaza vitabu kibarazani. Nikaomba kiti changu kitolewe nje. Nikawaambia, wanangu, nendeni kwa Bwana Tarehe. Nikasema hakuna bongo kama ile. Nikasema mtu asiyemsikiliza yule mzee kabla hajafa amekula hasara ya maisha. Nikasema anajua asili ya kila kitu, hata ya kijiko. Nikaendelea mpaka kikohozi kikanikatiza, nikapewa maji, nikarudi kuendelea. Wakabaki vinywa wazi. Wamechoka kabisa, nikajisemea. Msichana mmoja mwenye miwani akamnong'oneza mjukuu wangu, akidhani masikio yangu yameshakufa, kwamba babu yako ni hazina jamani, sikujua wazee wanaweza kusifiana hivi.

Kejeli hiyo. Imenifurahisha. Ndiyo dalili ya kwanza ya uasi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Bwana Tarehe kaja. Ndani. Chumbani kwangu! Kavaa koti.

Nilijiandaa kwa vita. Yeye kaketi ukingoni mwa kitanda, kanishika mkono, kalia. Machozi ya kweli, yanapita kwenye mikunjo kama maji ya mvua. Kasema miaka yote hii, ndugu yangu, nilidhani unanichukia, kumbe umeniweka moyoni. Kasema vijana wamemjia kwa makundi wakidai wametumwa na mimi. Kasema imebidi aombe ukumbi mkubwa. Kasema hata habari ya kile kipindi cha Jumatatu inamsumbua hadi leo, na kama ningekuwa bado nafundisha angenirudishia. Sasa! Sasa ndiyo anasema!

Kisha akaapa kwamba siku yangu ikifika atasimama yeye kuzungumza kaburini. Nikahisi moyo umesimama kidogo. Namjua mtu huyu. Ataanza na asili ya makaburi. Watu watarudi nyumbani kabla sijateremshwa.

Nikamwambia asiwe na haraka. Akacheka, akanipiga begani, akasema hiyo ndiyo dawa, mzee mwenzangu, cheka.

Alipofika mlangoni kageuka. Kaniuliza, lakini kwa nini unawafukuza watu kwenye somo lako? Kasema wiki iliyopita mjukuu wangu alimwendea kumuaga kwa adabu: hatasoma Historia, amejiandikisha Mantiki, yeye na wenzake watatu, ila asiniambie, atanishtukiza mwenyewe. Jumanne mchana karudi amenywea, kasema Babu amekataza. Na wenzake nao wakajitoa, maana kama babu wa somo mwenyewe amesema halifai, wao ni nani? Bwana Tarehe akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewaelekeza vijana wawili kwenye Mantiki kunisaidia, wakageuzwa njiani na habari hiyo hiyo.

Nikamwambia amesikia vibaya. Akasema hajasikia vibaya. Nikamwambia chanzo kimoja si ushahidi, na mwanahistoria anapaswa kulijua hilo kuliko wote. Akanitazama. Akasema haya, pumzika.

Kaondoka. Siamini neno lake hata moja. Mtu aliyeiba kipindi ataiba na habari.

Presha juu. Muuguzi kauliza leo nimemshinda nani. Nikageukia ukutani.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Siku ya mwisho. Usajili unafungwa alasiri.

Sikuwa na sababu ya kumsadiki Bwana Tarehe. Lakini mtu makini hufunga kila mlango. Nikaamua kuzungumza na mjukuu. Kuzungumza tu, si kuomba. Nimefanya mazoezi mbele ya dari tangu alfajiri. “Nimelifikiria upya lile suala.” Hiyo ni sentensi ya kiume. Haina magoti.

Kaja na chai. Kakaa pale pale alipokaa Bwana Tarehe. Simu yake mkononi, iko wazi, naona kabisa ukurasa wa usajili unang'aa. Nikaanza: mjukuu wangu, kuhusu Mantiki...

Akaniwahi. Akasema usijisumbue, Babu, moyo wako. Ameshaliacha. Na amewaelimisha na wengine waache. Amechukua Historia kama nilivyowaelekeza kibarazani. Akasema mwanzoni iliuma kidogo, lakini Babu ndiye anayejua. Kisha akaniuliza kama nimefurahi.

Jibu lilikuwa jepesi. Sijafurahi. Nilidanganya. Rudi, mtoto wangu, na uwarudishe wenzako. Kidole kimoja juu ya simu ile kingemaliza kila kitu. Lakini angalia jinsi alivyonitazama! Kama mtu anayetazama saa kubwa ya mnara kujua majira. Nimwambie saa ilikuwa mbovu?

Nikasema nimefurahi. Nikasema umetii vyema. Nilisema hivyo kwa namna ambayo mtu mwerevu angesikia kinyume chake. Nilipandisha nyusi. Nilikohoa mahali penye maana.

Akanifunika blanketi.

Muuguzi alikuwa mlangoni na mashine yake, kasikia yote. Kasema, Mzee, mwite mtoto arudi. Nikamwambia apime alichokuja kupima. Akanifunga ule mkanda mkononi kwa nguvu kuliko kawaida.

Alasiri Kwahiyo kapiga simu. Nikasubiri neno lake. Hakulisema. Kasema tu: Mwalimu, limefutwa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Siku ya utukufu! Lazima niiandike vizuri.

Asubuhi mjukuu kaja mbio, kanikumbatia mpaka mto umeanguka. Kasikia Mantiki imefutwa. Kumbe Babu ulijua! Kumbe ulikuwa unatuokoa tusije tukabaki hewani, hatuna somo na nafasi zimejaa! Kaniambia kwamba yeye alikuwa amejiandikisha tangu siku ya kwanza, yeye na wale watatu. Alitaka aje akae pale mbele, halafu awe anakuja jioni kunibishia hoja zangu hapa kitandani. Ilikuwa iwe zawadi yangu. Kasema sasa haidhuru, Babu kaona mbali. Na amekwisha kuwaambia chuo kizima.

Sikupinga. Ukweli ni kwamba sijawahi kueleweka vizuri namna hii.

Saa chache baadaye mkuu wa kitivo kanipigia mwenyewe. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alifaulu kwa kupenya chupuchupu. Kanishukuru kwa busara. Kasema wazee wengi hung'ang'ania vyao mpaka kaburini, lakini mimi nimewapisha vijana kwa hiari, tena nimewasindikiza kwa mpinzani wangu. Kasema wataandika jina langu mahali. Nikamwambia waliandike juu, pasifikiwe na ufagio.

Bwana Tarehe kapiga kelele kutoka kwenye maua yake kwamba hotuba inaendelea vizuri. Nimefunga dirisha.

Jioni mjukuu kaomba ushauri tena. Anataka kuanza mapema kufikiria masomo ya mwaka wa tatu. Yuko njia panda kati ya Falsafa na Sanaa za Maonyesho. Mimi nataka Falsafa. Naitaka kwa nguvu zote zilizobaki. Ndani ya Falsafa mna sura nzima ya hoja, ingefaa sana jioni hapa. Kwa hiyo nimemwambia Falsafa ni kichaka cha wavivu, asiikaribie. Safari hii nimekunja uso zaidi. Akasema sawa, Babu. Lakini ile sawa ilikuwa tofauti. Nina hakika.

Moyo leo unaruka hatua. Basi kabla haujanyamaza, ili lisije likabaki kwenye midomo ya wanahistoria: Mantiki haikuuawa na Bwana Tarehe, wala na mkuu wa kitivo, wala na simu za vijana. Popo hawakuiweza. Kipindi cha usingizi hakikuiweza. Niliiweza mimi, nimelala chali, bila hata kuvaa viatu, na sijui ni nani mwingine katika kitivo kile angefanikiwa.

Mjukuu wangu alikuwa ameshalichagua somo hilo mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtoa.