Jalada la Paa la Masjala

Ndugu wastaafu wenzangu, leo nimeaibika, tena mbele ya kikao chenye akidi.

Naandika kutoka duka la intaneti hapa Usa River, bado nimevaa suti. Nyumbani Nkoaranga siwezi kufika kwanza, sababu mtaiona.

Mnafahamu kwamba kiwanda chetu kimeuzwa kwa mwekezaji, na kwamba kiti changu cha Mkuu wa Idara ya Utumishi na Utawala amekikalia Bi Eliaichi, ambaye nilimwajiri mimi mwenyewe (kumbukumbu zipo). Wiki iliyopita alinialika niwaeleze wakuu wapya wa idara ugumu wa kuongoza idara. Akadokeza pia kuwa wanatafuta mshauri wa siku mbili kwa wiki, hivyo nije na barua ya maombi. Nafasi hiyo niliitaka mno. Kustaafu, ndugu zangu, ni kukagua migomba ambayo haina lalamiko lolote. Mke wangu alikwisha kuwatangazia majirani kwamba ninarudi kazini.

Saa nne kamili nilisimama. Nilieleza jinsi mkuu wa idara anavyobanwa, juu na Mkurugenzi, chini na watumishi. Niliwasema vijana wa siku hizi wanaomaliza mambo kwa simu bila kuacha hata mstari mmoja wa maandishi. (Mmoja aliitazama simu yake. Jina lake ninalo.) Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikatamka: "Kwa miaka kumi na mmoja, hakuna jalada lililolala mezani kwangu."

Mkuu wa masoko akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniponza. Nikaagiza aitwe Bi Zuhura wa masjala, aliyetunza majalada yangu miaka yote hiyo, alete jalada moja liwe ushahidi.

"Lolote, Mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Lolote. Na usome madokezo wote wasikie."

Alinitazama kwa huruma. (Mimi nilidhani ni heshima.) Akarudi na jalada lililovimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Juu yake limeandikwa: Matengenezo ya Paa la Masjala.

Akasoma. Dokezo la kwanza, lake: paa linavuja, anaomba maelekezo. La pili, langu: "Tuongee." La tatu: mvua zimeanza, majalada ya likizo yamelowa. La nne: "Tuongee." La tano: ameweka ndoo tatu, na zimejaa. La sita, langu, lenye sahihi na muhuri: "Nimeona. Tuongee."

Kufikia dokezo la kumi, wakuu wa idara walikuwa wakiitikia pamoja, kama waumini ibadani.

Bi Eliaichi akauliza, "Na mliongea?"

"Nilikwenda mara tisa," alisema Bi Zuhura. "Mzee alikuwa kikaoni."

Ili kumbukumbu zikae sawa, vikao hivyo vilikuwepo. (Viwili vilikuwa chai.)

Dokezo la mwisho lilikuwa la Bi Eliaichi, la wiki yake ya kwanza ofisini: "Fundi aje kesho." Chini yake Bi Zuhura ameandika: "Amekuja." Basi. Jalada likafungwa.

Nilitaka kukaa, lakini kiti kilikuwa mbali. Nikawashukuru wajumbe kwa usikivu wao, ambao kwa kweli ulikuwa umepita kiasi.

Mlangoni, kwa kuwa barua nilikuwa nayo mfukoni, na ukaidi ninao tangu utotoni, nikamkabidhi Bi Eliaichi maombi yangu. Aliyasoma yote, kwa adabu ileile niliyomfundisha. Kisha akatoa kalamu, akaandika kitu pembeni. Miaka ya utumishi imenifundisha kusoma karatasi nikiwa upande wa pili wake. Lilikuwa neno moja tu, na ninalifahamu vizuri.

"Karibu tena, Mzee," akaniaga, akicheka kwa macho tu.

Sasa nimekaa hapa natafuta namna ya kumweleza mke wangu, na majirani zake. Nawasihi msicheke. Atakayeshindwa kujizuia, alete kwanza ombi lake kwa maandishi. Nitalijibu siku hiyohiyo, kama ilivyokuwa desturi yangu.