Papa Numbi Anatafuta Gardien

Jumanne, 5 septembre 1995

Sasa hivi Imani ametia kiatu cha baba yake ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Akakoroga! Miaka mbili tu, tayari mupishi. Nikatoa kiatu, nikapangusa. Sombe tutakula vilevile, juu bwana yangu Modeste hajaona.

Sina nguvu ya kukasirika. Modeste anasema kazi haipatikani Bruxelles, basi jumatatu anaenda kuvuna pome, yale matofaa, kule Saint-Trond, na atakaa kulekule mpaka novembre! Mimi na mutoto peke yetu hapa Anderlecht, gorofa ya sita? Siwezi. Imani hapati usingizi kama hajashika sikio la baba yake.

Lakini Mungu yupo. Pétronille wa gorofa ya chini alikuja kujivuna. Bwana yake anaendesha gari ya Papa Numbi, ule tajiri wa magari ya occasion, yale yaliyotumika. Papa Numbi alikulia Evere, hapahapa Bruxelles, na sasa amenunua équipe ya mupira ya utoto wake. Ametia uwanja majani mapya, paa juu ya watazamaji, douche za maji moto. Na eti anatafuta gardien, haraka, juu ule wa kwanza alivunjika mukono.

Wezi, bila shaka.

Gardien! Mulinzi! Modeste alilinda depo ya pamba kule Uvira! Sikumuonyesha Pétronille kitu. Nikapiga muayo.

Jumatano, 6

Nilimupigia Papa Numbi simu. Nilisema bwana yangu ni gardien tangu ujana. Akauliza kama iko na réflexes, wepesi wa kushituka. Nikasema, papa, ata panya haipite. Akauliza kama anaogopa kujitupa chini. Nikashangaa kidogo, lakini wezi wana bunduki, donc nikajibu: anajitupa wa kwanza! Akacheka sana. Akasema aje jumapili mchana, na glovu zake.

Glovu! Tajiri huyu anawaza mpaka baridi ya usiku.

Modeste alininyanyua juu. Akasema pome zioze zenyewe.

Ijumaa, 8

Ole wangu. Pétronille alinikamata kwenye ngazi. Akauliza tangu lini Modeste anadaka mupira. Mupira gani? Alicheka mpaka akashika ukuta. Gardien ni kipa! Ule wa kusimama mbele ya filet!

Muntu wa akili angepiga simu na kusema pardon. Nilishika simu. Nikairudisha. Kulinda si ni kulinda? Mulango ni mulango.

Nilimuambia Modeste polepole, akisha kula. Alikaa chini. Akasema, Gracieuse, niko na miaka thelathini na nne na goti bovu. Nikamupeleka kwenye koridor, nikamutupia viazi ajifunze. Alidaka kimoja. Imani alidaka viwili.

Jumapili, 10

Onze à zéro: tumefungwa kumi na moja bila. Siandiki zaidi.

Bon, naandika. Glovu hazikuwepo, nikamupa zangu za kuoshea sahani. Za rangi ya waridi. Papa Numbi iko chini ya paa lake jipya na koti nyeupe, na wazungu wawili wa commune, serikali ya mutaa, pembeni. Bao la kwanza, Modeste alimupisha mushambuliaji. Kwa heshima! Bao la tano, Pétronille akapaza sauti: "Gardien, funga mulango, baridi inaingia!" Uwanja muzima ukacheka. Ata mimi karibu nicheke, Mungu anisamehe.

Kisha Papa Numbi aliniita. Akaniuliza kwa upole, "Maman Imani, bwana yako alilinda wapi?" Nikajibu depo ya pamba. Akasema pamba haipigwi mateke. Na kulinda uwanja, tayari iko na imbwa mbili kubwa.

Modeste hakunigombeza. Hiyo ndio inaumiza. Alitia barafu kwenye goti, akalala, Imani kwenye sikio.

Jumatatu, 11

Valizi yake ya nguo iko mulangoni. Eti pome hazidai goti. Nimelia kidogo bafuni, maji yakitoka ili asisikie.

Alafu nilishuka kutupa taka, na bwana ya Pétronille alikuwa anamuambia mwenzake: Papa Numbi anabadilisha équipe yote, sasa anatafuta libéro. Akaendelea na maneno ya mabeki, sikungoja.

Libéro!

Nimepanda ngazi mbiombio. Safari hii siulizi muntu, sichekwi tena. Inajulikana wazi: libéro ni muntu mwenye iko libre, bila kazi. Na katika Bruxelles nzima, nani iko libre kushinda Modeste? Tangu janvier iko libre, asubui na jioni! Ata baba yake alikuwa libre. Papa Numbi ana roho nzuri, atasikia. Modeste anaita, bus ya wavunaji iko chini, Imani amekamata suruali yake hataki kuachia. Nakuja, nakuja! Kwanza nipige simu, nimuambie Papa Numbi kwamba bwana yangu ni libéro wa kuzaliwa na anaweza kuanza leo leo!