Uzinduzi wa Kutembea

Tangazo lilibandikwa katika hospitali zote, kutoka Fizi-Centre mpaka Baraka: kuanzia sasa, kila aliyepasuliwa kansa ya utumbo mpana atatembea mapema, atakula mapema, atapona mapema. Na ili jambo hili lifanyike kwa heshima, hakuna mgonjwa atakayetembea kabla ya kutembea kuzinduliwa rasmi.

Sentensi ya mwisho aliiandika Bwana Fabien mwenyewe, Rais wa Tume ya Kuinua Waliopasuliwa. Aliipenda kuliko zote.

Uzinduzi uliahirishwa, maana barabara ya kushuka Baraka ilikuwa matope. Ukaahirishwa tena, maana kofia za Tume hazijafika. Wodini Baraka, Mama Kulthumu, muuza samaki aliyepasuliwa, alilala chali, tumbo limemvimba, hofu imemshika.

"Mama, utumbo inalala sababu we unalala," nesi Nadège alimwambia. "Simama tutembee."

"Na ile tangazo?"

"Tangazo haina tumbo."

Kulthumu akajikaza, akashikilia mshono kwa kitenge, akatembea. Wenzake wakamfuata. Fabien alipofika na Tume yake, kofia na mpiga picha, vitanda vilikuwa vitupu. Wagonjwa walikuwa uani, na Kulthumu, tumbo lake limekwisha kutoa hewa, ishara kwamba utumbo umeamka, alikuwa anakunywa uji.

Fabien alihuzunika sana. Watu wamepona bila ruhusa. Sasa angezindua nini? Tume ikafanya kikao cha dharura mlangoni, ikaamua: wajumbe wavae pijama za wodi, walale, wapigwe picha wakiinuka. Yeye, kama kiongozi, akachukua kitanda cha kwanza.

Ndipo akaingia Daktari Félicité, mkaguzi mpya kutoka Bukavu, asiyemjua hata mmoja wao.

"Papa, tumbo imeshatoa hewa?"

Fabien akapima jibu. Akisema yeye si mgonjwa, ataulizwa wagonjwa wako wapi.

"Bado, Dokta," alijibu kwa unyenyekevu.

"Basi hakuna kulala. Inuka."

Akazungushwa uani juani, Tume nzima nyuma yake, wameinama na kushika matumbo yasiyo na mshono. Alipopita kivulini, Kulthumu alimwonea huruma.

"Pole, papa. Usione haya. Hewa ikikuja, acha itoke. Siye bote tulipitia hapo."

Daktari akasimama nyuma yake, kalamu mkononi. Wagonjwa wakaacha uji, wakatega masikio.

Na Rais, kwa faida ya Tume, akajitahidi.