Miunganisho Yote kwa Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Habari njema ni moja tu: mkuu wa kitengo chetu anastaafu. Kile kiti chake chenye mgongo mrefu kitabaki wazi. Tunaokimezea mate ni wawili. Mimi na Nukta.

Nukta ni jina nililompa mwenyewe, kimyakimya. Hata akikuandikia "sawa" anatia nukta mwishoni. Hakosei! Inachosha sana kukaa meza moja na mtu wa namna hiyo.

Kazi yetu nimemweleza mama mkwe mara nyingi, na bado anaamini natengeneza redio. Kampuni inaoka mikate. Maduka yanaandika oda zao kwenye kompyuta, na programu yetu inazichota huko na kuzipeleka kwenye skrini ya tanuri. Kila duka lina muunganisho wake. Upande mmoja chanzo, oda zinakotoka; upande wa pili kituo, zinakofikia. Taa ikiwa ya kijani, mkate unaokwa. Ikiwa nyekundu, mwokaji mkuu anapanda ngazi kuja kutugombeza.

Leo nimepata wazo. Kila muunganisho huingia kwa akaunti na nenosiri. Tunatumia akaunti ya kitengo, ambayo kila mtu anayo. Nitaifuta kote niweke yangu. Atakayetaka kugusa chochote itabidi apitie kwangu. Nani atamnyima kiti mtu kama huyo?

Jumanne, 4 Machi

Kubadilisha muunganisho mmoja ni rahisi. Kubadilisha yote ni adhabu. Fungua, futa, andika jina langu, andika nenosiri langu, bonyeza "jaribu", subiri kijani. Haya, mwingine. Mgongo unauma. Macho yanawasha. Chakula cha mchana nimekula kwa mkono mmoja.

Nukta kauliza nashughulika na nini. Nikasema nafanya usafi. Kasema ni vizuri, ila nikumbuke akaunti ya mtu binafsi si ya kuendeshea tanuri. Kasema kwa upole, ndiyo maana nikaudhika zaidi.

Nyumbani mke wangu kauliza mbona nimelegea hivi. Nikamwambia leo nimejenga himaya. Kasema hongera, na nikipata nafasi nikatupe takataka.

Jumatano, 5 Machi

Matunda! Duka la karibu na stendi limebadilisha kompyuta, kwa hiyo chanzo chake lazima kielekezwe upya. Nukta kajaribu. Programu ikamkatalia: hana ruhusa. Ikabidi aje kusimama mezani kwangu. Nikamwomba asubiri kidogo, nimebanwa na kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa natazama kalenda.

Mkurugenzi akapita wakati huohuo, akamwona Nukta amesimama akinisubiri. Kasema Ijumaa atatangaza mkuu mpya. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi, ingawa miguu ilikuwa haitaki.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Mtu mmoja wa mauzo aliandika nenosiri lake kwenye karatasi akaibandika dirishani, maandishi yakielekea barabarani. Mkurugenzi kaagiza wafanyakazi wote tubadilishe manenosiri kabla ya chai. Nikawa wa kwanza. Nilitaka nionekane mtiifu. Kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Narudi, skrini nzima nyekundu! Bila shaka: miunganisho bado ilikuwa na nenosiri langu la zamani. Nikajiambia si neno, naingia naweka jipya. Programu ikaniambia akaunti yangu imefungwa, eti nimekosea nenosiri mara nyingi mno. Nimekosea lini? Nilikuwa nakunywa chai!

Kumbe ni yenyewe. Miunganisho yote niliyoihangaikia Jumanne ilikuwa inabisha hodi kwa jina langu na nenosiri bovu, tena na tena, mpaka mfumo ukadhani ni mwizi. Nimefungiwa nje na himaya yangu.

Mwokaji mkuu akapanda ngazi, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Kauliza aoke nini, vijana wake wamesimama na unga unaumuka. Nikamwambia aoke kama jana. Sikukumbuka kwamba jana kulikuwa na mashindano ya michezo na watu wakaagiza skonzi tupu. Mji mzima leo umekula skonzi.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa hospitali kupimwa macho. Akikosekana yeye, mwenye uwezo wa kufungua akaunti ni Nukta. Nikaenda kusimama mezani kwake. Hakunisubirisha hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kelele za mwokaji. Akaizima miunganisho yote kwanza, ndipo akafungua akaunti yangu, kisha akairudisha mmoja mmoja kwenye akaunti ya kitengo. Kijani, kijani, kijani. Alipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 7 Machi

Kiti kapewa Nukta. Nimepiga makofi kama wengine. Nimeumia, sifichi. Nilishakuwa nimepima kwa macho pa kutundika koti langu.

Mkurugenzi kauliza ya jana yalisababishwa na nini. Nukta kajibu ni mpangilio wa kitengo, na utarekebishwa. Hakunitaja. Mtu mwingine angemshukuru. Mimi nilikuwa nimechoka.

Kanipa muunganisho mmoja tu wa kutunza: kutoka kipimajoto cha tanuri hadi kompyuta ya mkurugenzi, anayependa kujua joto likoje. Nikiutunza vizuri, kasema, nitaongezewa.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kasema leo nipumzike, nisifikirie kazi. Nimelala kwenye kochi nikafikiria kazi.

Kosa langu nimeliona. Jina langu ni dogo! Mfumo umethubutu kunifungia kwa sababu mimi si mtu. Nani angethubutu kumfungia mkurugenzi?

Nenosiri lake ninalo. Yeye huchapa kwa kidole kimoja, na Ijumaa, nilipokwenda kuiandaa kompyuta yake, alichoka katikati akanisomea kwa sauti niandike mwenyewe. Jana nikaenda ofisini, hakuna mtu, nikauweka muunganisho wa kipimajoto kwa akaunti yake. Nikakuta akaunti hiyo inaruhusiwa kila kitu. Basi nikahamishia humo na maduka yote. Mgongo umerudi kuuma, lakini taa zote kijani. Nukta akitaka kugusa chochote ataenda kwa mkurugenzi, mkurugenzi hatajua la kusema, ataniita mimi. Kiti kitaniangukia chenyewe.

Kesho nawahi kazini. Mkurugenzi alisema kwenye kikao cha Ijumaa kwamba na yeye hayuko juu ya sheria, atabadilisha nenosiri lake Jumatatu asubuhi. Nimejitolea kumsaidia kuchapa.