Natafuta Mpangaji

Wallahi, haya ni kweli tupu, tangu nukta ya kwanza. Sikuongeza chumvi hata ya kubana kwa vidole viwili. Watu wake wako hai, wanakula na kunenepa, na kuku utakaowakuta mbele walikuwa kuku halali. Mmoja wao nilimfahamu kwa sura.

Huko Nyamugari, mjini Gitega, aliishi Mzee Husni, mstaafu wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa amestaafu kazi ya kugonga mihuri ofisini. Ujanja hakuustaafu, maana ujanja hauna pensheni. Alilala katika stoo ya rafiki yake Crispin, mpambaji wa kumbi za harusi, katikati ya mabunda ya vitambaa na maua ya plastiki, na kila asubuhi aliamka kama bwana harusi aliyesahaulika ukumbini.

Kuwa bwana harusi ndiko alikokutaka hasa. Alimpenda Aisha, mjane muuza vitenge, mwanamke mwenye cheko la kufungulia milango. Aisha naye hakumkataa. Tatizo lilikuwa kaka yake, Sefu mchinjaji. Aisha alikuwa anahamia Muyinga ili awe karibu na mpaka wa Tanzania, anakonunua vitenge vyake tangu ujana, na Sefu alikuwa ameshatoa hukumu:

"Husni, dada yangu hahamie kwenye maneno. Anahamia kwenye nyumba. Ijumaa hii nakuja Muyinga. Nisipoona nyumba, posa imekufa, na mi ndiye nitaichinja."

"Nyumba iko, shemeji," alijibu Husni, ambaye hakuwa na hata tofali.

"Bado sijawa shemeji yako."

Hivyo basi, Jumatatu Husni alikuwa Muyinga, akizurura na kumwomba Mungu nyumba kama watu wengine wanavyoomba mvua. Akapita mbele ya mashine ya kusaga unga. Juu ya mashine kulikuwa na ghorofa moja, imefungwa madirisha, na kwenye mlango wa chini kibao cha boksi kimeandikwa kwa mkaa: NATAFUTA MPANGAJI. DOROTEA.

Hapa, msomaji, tusimame kidogo, kwa sababu mtu aliangamia kwenye neno hili moja. Kwa Husni na wenzake wa Nyamugari, anayekaa nyumba ya mtu na kulipa kila mwezi anaitwa lokateri. Kupanga ni kuweka vitu kwa mstari: viti, sahani, maua. Mpangaji, basi, ni fundi wa kupendezesha nyumba. Lakini Mama Dorotea, mkulima wa Giteranyi, alikulia Tanzania, Kigoma huko, na neno lokateri alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa na mvi.

Husni alisoma kibao mara mbili, na moyo ukamdunda. Mwanamke ana nyumba tupu na anatafuta mtu wa kuipamba! Hapo hapo akaona ndege wawili kwenye tundu moja: ataipamba kwa vitambaa vya Crispin, Ijumaa atamwonyesha Sefu kama nyumba yake, kisha atabandua kila kitu na kudai ujira kwa Dorotea.

Alimkuta Dorotea nyuma ya mashine, anapepeta maharage.

"Hodi, Mama. We ndiye unatafuta mpangaji?"

"Ndiye mimi. Karibu, bwana. Umeshawahi kupanga wapi?"

"Yoo! Uliza ni wapi sijapanga! Nimepanga Gitega, nimepanga Ngozi, nimepanga kwa daktari. Siku moja nilipanga nyumba tatu, kabla ya saa sita."

Dorotea aliweka ungo chini. Mwanaume anayepanga nyumba tatu ana pesa nyingi au wake wengi.

"Una wake wangapi?"

"Bado, Mama. Mmoja iko njiani, inshallah."

"Na kwa nini ulihamahama hivyo? Walikufukuza?"

"Mais non! Namaliza hapa, naitwa kule."

"Mimi sitaki wa kuja na kuondoka. Nataka wa mwaka mzima."

Husni alikaribia kulia kwa furaha. Mwaka mzima wa kazi ya kupanga maua!

"Na malipo," Dorotea akaendelea, "ni mwanzo wa mwezi. Sipendi kuzungushana."

"Hapo umeongea, Mama! Mi pia mtu wa kuchelewesha malipo namchukia kabisa."

"Basi tutaelewana. Na sheria yangu moja: ukuta wangu usiutoboe, wala usiupake rangi. Msumari mmoja tu, unatoka."

"Misumari ni ya washamba. Mi niko na dawa ya Dubai: inashika, inatoka, haiache hata alama."

Wakaandika karatasi, Dorotea akisema na Husni akiandika kwa mwandiko wake wa ofisini, wenye mikia. *Mimi Husni, mpangaji, nitapanga nyumba ya Mama Dorotea mwaka mmoja. Sitapiga msumari. Malipo kila mwanzo wa mwezi.* Husni akatia sahihi, na kwa kuwa mkono una mazoea, akachomoa muhuri wa zamani mfukoni na kugonga: IMEPOKELEWA. Dorotea akampa ufunguo. Wakaachana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa ujinga.

Jumatano Husni alirudi na bunda la Crispin juu ya paa la gari. Kazi aliyoifanya, tusimnyime haki yake, ilikuwa ya kusifiwa. Mianzi aliikata ndefu kidogo kuliko chumba na kuibana kati ya ukuta na ukuta, bila msumari, akaitundikia vitambaa vyeupe vya harusi. Mapazia aliyafunga kwenye nondo za dirisha. Sakafu iliyopasuka aliitandikia zulia jekundu la maharusi. Ukutani alibandika maua ya karatasi mia mbili na picha kubwa ya maporomoko ya maji, kwa ile dawa ya Dubai. Dawa yenyewe ilikuwa ugali wa muhogo uliolainishwa na maji moto, ndani ya kopo la mafuta ya nywele lenye maandishi ya Kiarabu.

Kasoro ilikuwa moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne, na mashine ya chini ilikuwa kimya. Husni hakujua kwamba mashine ile ikisaga, ghorofa nzima hutetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Ijumaa baada ya sala, Sefu alipanda ngazi, Aisha nyuma yake. Alipoona chumba, mdomo ulimwanguka.

"Husni... hii nyumba iko yako?"

"Ya nani tena, shemeji? Kaa."

Sefu akakaa. Safari hii neno shemeji hakulikataa. Akagonga ukuta kama anavyogonga ubavu wa ng'ombe, akaridhika. Aisha alimwangalia Husni kwa jicho ambalo Husni alikuwa amelingoja miaka miwili. Sefu akafungua mikono aombe dua ya heri.

Umeme ukarudi.

Mashine ikanguruma. Ua la kwanza likaanguka ndani ya viganja vya Sefu, naye akalipokea akidhani ni desturi ya nyumba. Kisha yakashuka kama mvua ya masika. Maporomoko ya maji yalianza kuteremka ukutani polepole, kwa heshima, kama maporomoko ya kweli. Mianzi ikachomoka. Vitambaa vya harusi vikamfunika Sefu tangu kofia hadi viatu. Kuku wa Dorotea, waliosikia harufu ya muhogo ikichanganyika na ya pumba, wakapanda ngazi kwa pamoja na kuanza kudonoa ukuta. Mmoja, mwekundu, akapanda juu ya Sefu na kumdonoa ugali begani.

"Ugali!" Sefu alifoka ndani ya shela. "Mtu hapambe nyumba yake kwa ugali! Mwizi we, hii nyumba si yako! Aisha, twende!"

Aisha alikuwa ameshafika mlangoni, na mlangoni akakutana na Dorotea, aliyepanda kufuata kuku wake.

"Nani anasema si yake?" Dorotea alishangaa. "Huyu ni mpangaji wangu! Amepanga mwaka mzima, karatasi hii hapa. Ila kodi ya kwanza bado."

"Kodi?" alisema Husni. "Kodi gani? Mi ndiye wa kulipwa! Mi niko mpangaji, napanga ma..."

Aisha alikuwa ameichukua karatasi. Alisoma, akafika kwenye muhuri, akamwangalia Dorotea, akamwangalia Husni mwenye ua la karatasi nyuma ya sikio. Mtu aliyefanya biashara Kigoma miaka ishirini hahitaji kamusi. Cheko lilimpanda, akalimeza.

"Mzee Husni," aliuliza taratibu, "mbele ya kaka yangu: kwenye nyumba hii we ni mpangaji ao si mpangaji?"

Akisema si mpangaji, hadaiwi hata senti, na Aisha anashuka ngazi. Akisema ni mpangaji, pensheni yake mwaka mzima inaingia kwenye mfuko wa Mama Dorotea. Husni, ambaye maisha yake yote alikuwa na jawabu la tatu, alilitafuta. Hakuliona. Kuku mwekundu alimkazia macho.

"Ndiyo," alisema. "Mi ndiye mpangaji."

Sefu akajitoa kwenye shela na kusema nyumba ya kodi nayo ni nyumba, mradi kodi inalipwa. Walioana mwezi huo huo. Tangu hapo Husni ni mtu mpya, na kodi yake huilipa kila mwanzo wa mwezi, hajawahi kuchelewa hata siku...

"Hajawahi nini?" Aisha amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai. "Leo ni tarehe kumi na mbili. Na kwa nini unaandika Husni, Husni, kama ni jirani?"

"Ni hadithi, mke wangu. Hadithi inataka mtu wa mbali."

"Huyo wa mbali mbona iko na shati yako? Dorotea iko chini. Nimwambie umetoka, ao nimwambie unaandika uongo?"

Nimeshuka. Nimelipa ya mwezi huu na ya ule uliopita. Dorotea ameniandikia risiti kwa kalamu yangu, kisha ameondoka nayo, na mistari hii ya mwisho naiandika kwa wanja wa Aisha, ambao bado hajautafuta.