Vitabu Arobaini vya Kichwa

Jumatatu, 3 Machi

Manyunyu asubuhi. Duka limefunguliwa saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Kosa ni la kufuli. Na langu kidogo; nafungua mimi, kisha ufunguo narudisha kwa Shangazi, mwenye duka.

Shangazi ametangaza! Jumamosi anasafiri kwenda kutibiwa goti, miezi mitatu. Ufunguo wa duka atauacha kwa mmoja wetu: mimi au binti yake, mtoto wake wa pekee. Binti huyo tunamwita Rula. Anapima kila kitu. Nafasi kati ya rundo na rundo la madaftari, urefu wa foleni, dakika ninazochelewa. Yeye yuko upande wa fotokopi, mimi upande wa vitabu vya chuo. Ananitazama kama karatasi iliyotoka upande kwenye mashine yake.

Nani ataamua? Wateja. Pale mlangoni kuna daftari la maoni, limefungwa kwa kamba. Shangazi atalisoma Jumamosi asubuhi, na atakayesifiwa zaidi ndiye atakabidhiwa. Yeye, amesema, hana nguvu ya kuamua, goti limeshamaliza nguvu zote.

Nautaka ufunguo ule. Naandika hapa kwa kuwa hapa hanisomi mtu. Miaka thelathini na sita, nalala chumba cha uani kwa shangazi yangu, nimeshauza bima, nimeshauza simu, na hakuna binadamu aliyewahi kunikabidhi kitu chenye kufuli kikae mkononi mwangu.

Nimelichungulia daftari. Wa kwanza: dada wa fotokopi ana heshima. Wa pili: dada wa fotokopi ana heshima na haraka. Wa tatu: kaka wa vitabu alinifuata mpaka barabarani. Uongo! Nilimfuata mpaka kwa fundi cherehani tu.

Halafu kuna ule mlima. Nakala arobaini za kitabu cha elimu ya udongo, toleo la tatu. Niliziagiza mimi, kwa kujiamini kabisa, wiki moja kabla mhadhiri hajatangaza kwamba mwaka huu anataka toleo la nne. Wanachuo wanaingia, wanashika, wanafungua, wanauliza kama la nne lipo, wanaondoka. Leo nilimweleza mmoja kwamba la tatu ndilo lenyewe, la nne ni la kuiga. Akaenda moja kwa moja kwenye daftari. Sijapenda alivyokuwa anaandika, alikuwa anakandamiza kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua jambo! Jambo kubwa!

Alikuja kijana mmoja mwenye kofia ya sufu, anatafuta kitabu kilichotumika. Nikampa kisafi. Akakikataa. Akachagua kimoja kichafu, kimechorwachorwa kila ukurasa, pembeni maandishi kama sisimizi. Nikamuuliza vipi. Akasema kitabu kisafi maana yake mwenyewe hakusoma. Hiki mwenyewe ametoka jasho, na yeye ananunua kitabu pamoja na jasho lake.

Saa saba Rula akaenda kula. Mimi, penseli, kalamu ya bluu na ile ya njano ya kupakia mistari. Nakala kumi na tatu kwa saa moja! Udongo siujui, lakini udongo ni udongo. MUHIMU SANA! Hii lazima itoke! Mhadhiri anaipenda hii! Ukurasa wa mia na kumi na mbili kuna picha ya mnyoo wa ardhini, nikaandika pembeni: Usimdharau. Ukurasa wa kwanza nikaweka jina la mwenye kitabu, Kichwa, na chini yake: wa kwanza darasani. Nikakunja pembe. Vitatu nikavimwagia chai kwa uhalisia.

Hadi jioni vitano vimekwenda! Kila mteja nilimnong'oneza kwamba hiki ndicho pekee, alichosomea Kichwa mwenyewe, toleo la nne halioni ndani. Kofia ya Sufu naye alirudi, akachukua, akakikumbatia. Akaandika kwenye daftari kwamba kaka wa vitabu anajali maisha yetu ya baadaye. Nimelisoma neno hilo mara nne. Shangazi, safiri salama.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza kuchora zote arobaini. Nilijifungia stoo nikasema nahesabu mali. Rula akaniuliza mbona vidole vina rangi ya njano. Nikamwambia ni ini. Akasogeza kiti chake nyuma, naamini kwa mita moja kamili.

Ishirini na nne zimeondoka. Halafu saa tisa, mtihani. Kofia ya Sufu kaingia, kaandamana na binti mwenye mkoba mwekundu. Wamekaa dawati moja darasani, wamefungua vitabu, wamekuta jina moja, mwandiko mmoja. Kwa kijana, sura ya tatu imeandikwa lazima itoke. Kwa binti, sura hiyohiyo imeandikwa usijisumbue.

Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Lakini Mungu kanipa ulimi. Nikawaambia Kichwa alikuwa anakisoma kitabu mara nyingi, na kila akianza upya ananunua nakala mpya, hataki kuvutwa na mawazo yake mwenyewe ya zamani. Na mtu akikua, maoni hubadilika.

Wakatazamana. Nikajua nimekwisha. Binti wa Mkoba akasema, taratibu, huyo ni mtu wa namna gani jamani! Kasema kwa heshima! Wakataka kujua anaishi wapi awafundishe kabla ya mtihani wa Jumatatu. Nikasema ni binamu yangu, mtoto wa kiume wa shangazi mwenye duka, ila amekwenda kusoma mbali sana. Safi. Nimeteleza kama sabuni.

Alhamisi, 6 Machi

Wanachuo tisa mlangoni kabla sijafungua! Wanataka namba ya simu ya Kichwa. Nikasema alipo hakuna mtandao. Wakauliza ni nchi gani hiyo. Nikasema ndani ndani. Mmoja akasema basi wamwandikie barua, wampe anwani. Mwingine akasema kaka yake anasafiri sana, huenda akapita. Nikatazama barabarani: Rula anakuja na mwavuli wake, bado kama hatua ishirini. Akifika akiulizwa habari za kaka yake, nimekwenda na maji.

Nikainamisha kichwa. Nikavua kofia. Nikasema Kichwa hatunaye tena.

Wakaondoka wakinyata. Binti wa Mkoba alikuwa anafuta macho. Rula kafika, kauliza walikuwa wanataka nini. Toleo la nne, nikamjibu, uso mkavu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nimemuua mtu ambaye hakuwepo. Hakuna aliyeumia, na hakuna atakayeuliza tena. Tena kufikia adhuhuri nakala zote zilizobaki zimegombaniwa! Mlima umekwisha! Arobaini! Nimefagia pale ulipokuwa, nikasimama palepale kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni siku ya furaha kuliko zote tangu nianze kazi hapa. Foleni kwenye daftari! Tangu asubuhi! Wanaandika marefu, wengine wanageuza ukurasa. Wengi wamefunga utepe mweusi mkononi, labda ni timu yao ya mpira. Sijasoma hata mstari mmoja. Nataka utamu wote niusikie kesho kwa sauti ya Shangazi. Rula alisimama na mashine yake, hana hata mteja wa kurasa mbili. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikaacha.

Saa kumi Shangazi alipita na fimbo yake. Akaingia macho yamemlowa. Tangu kona ya chuo, amesema, watoto wa watu wanampa pole. Pole mama, jikaze mama. Mmoja kambebea kikapu. Binti wa mkoba mwekundu kamkumbatia akalia begani kwake. Shangazi kasema hakujua kwamba watu wengi namna hii wanalijali goti lake. Wateja wa duka hili, akasema, kuna mtu amewalea vizuri. Akanitazama. Mimi!

Hapo zile tepe zikanijia tena akilini. Nilishtuka kidogo tu, kisha nikajiambia goti la Shangazi ni kubwa, linastahili.

Wakati wa kufunga Rula kalichukua daftari, kaweka rula chini ya kila mstari, kasoma mpaka mwisho. Akalifunga. Akatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya leo. Ni mengi.

Jumamosi, 8 Machi

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Shangazi alikaa kwenye stuli, sanduku lake mlangoni, miwani puani. Akasoma kwa sauti. Poleni sana familia kwa kuondokewa na kijana wenu. Akaendelea. Mama, Mungu akutie nguvu, mwanao alitufumbua macho. Akauliza mwana gani. Akageuza ukurasa. Kurasa sita. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, mwana gani.

Kabla sijapata la kusema, akaingia mhadhiri wa udongo mwenyewe, tai shingoni, nakala moja mkononi. Kaja kutoa pole. Na kaja kuomba radhi, maana amefundisha miaka kumi na tisa, na tangu jana anamtafuta Kichwa kichwani mwake hampati. Anaogopa uzee umeanza kumla.

Nikasema. Yote. Kalamu ya njano, chai, ini, kila kitu. Mhadhiri akashusha pumzi ndefu, akakaa juu ya sanduku la Shangazi. Kisha akafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili akauliza kama na hili la mnyoo niliandika mimi. Nikakiri. Akasema katika niliyoyaandika kitabu kizima, hilo peke yake ni sahihi.

Shangazi akavua miwani. Akasema tangu jana anafarijiwa kwa mtoto ambaye hakumzaa. Tena pale alipokuwa anasoma, kwa dakika moja hivi, alianza kumsikitikia huyo mtoto. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Ufunguo kampa Rula. Una kamba nyekundu. Niliufuata kwa macho mpaka ukaingia mfukoni mwa Rula, na iliniuma, sitasema uongo. Mimi nimepewa raba. Kila kitabu kitakachorudi nikifute, ukurasa kwa ukurasa, mpaka goti lipone. Na kila mwanachuo nimwambie ukweli kwa mdomo wangu.

Nimeanza na Binti wa Mkoba. Kanipiga na mkoba. Kisha akaniuliza sasa utepe aufanyie nini.

Jumatatu, 10 Machi

Vimerudi kumi na saba. Nafuta tangu saa tatu, kidole kimevimba. Kalamu ya bluu haifutiki. Wengine wamekataa kuvirudisha: mtihani wa leo ulikuwa na swali moja kubwa la mnyoo wa ardhini, na waliomdharau wamelia.

Saa tano akaja kijana mgeni, mpole, kanong'ona kuuliza kama zimebaki zile za marehemu. Nikamwambia ukweli. Kichwa hakuwahi kuwepo. Nilisema kwa sauti, wazi, bila kumung'unya maneno. Rula kasikia toka kwenye mashine, katikisa kichwa kunikubali, kama milimita mbili. Nimefarijika sana. Mtu akiamua kubadilika anabadilika.

Lakini kijana mabega yakamshuka. Kumbe anasoma sheria, mwaka wa kwanza, kitabu chao ni kinene, hakuna wa kumwelekeza. Alikuwa anakitazama kitabu kile rafuni kama mtu anayetazama ngazi ndefu. Mimi nina moyo jamani, si jiwe. Nikahesabu: nakala ishirini na mbili za sheria, safi, hazijaguswa na mtu.

Rula anakwenda kula saa saba. Nimemwambia kijana arudi kesho. Kichwa hakuwepo, nimemweleza, lakini dada yake alisomea sheria, na alikuwa wa kwanza darasani. Mwandiko nitaulaza kushoto. Na huyu dada yuko hai, tena ana afya njema kabisa. Safari hii hafi mtu. Nimejifunza.